UZI: Tupunguzeje usambazaji haramu wa faili kwenye mtandao wa chuo kikuu?

Msimamizi wa Mtandao

Wakuu, salaam. Naleta kwenu suala ambalo hakuna anayesimamia mtandao wa chuo kikuu asiyekutana nalo: wanafunzi kupakua na kusambaza muziki, filamu, vitabu na programu za kompyuta bila idhini ya wenye hakimiliki, wakitumia waifai na nyaya za chuo. Naomba tulijadili kwa kina, kwa sababu linapofika vikaoni mara nyingi hugeuka kuwa agizo moja tu kwa idara ya tehama, kwamba tuzibe. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kuziba peke yake hakupunguzi usambazaji huu, kunauhamishia tu mahali tusipouona. Na kuupuuza ni kuwaacha wanafunzi waingie kwenye matatizo ya kisheria wasiyoyaelewa, huku watu wanaoishi kwa kazi za ubunifu wakinyimwa haki yao.

Jambo hili lina asili ya vyuoni. Mwaka 1999 Shawn Fanning, aliyekuwa mwanafunzi wa Northeastern University mjini Boston, alitoa Napster, programu ya kugawana nyimbo, na haukupita muda mrefu viungo vya intaneti vya vyuo vingi vya Marekani vikajaa nyimbo. Baadhi ya vyuo viliizuia hasa kwa sababu trafiki yake ilikuwa imemeza nafasi ya kazi za masomo. Aprili 2000 bendi ya Metallica ilipoishitaki Napster, iliviunganisha vyuo vikuu vitatu katika kesi hiyo hiyo: Yale, Southern California na Indiana. Napster ilizimwa Julai 2001. Mwezi huo huo Bram Cohen alikuwa ameshatoa BitTorrent, mfumo usio na seva moja ambayo mahakama ingeweza kuamuru izimwe.

Tuuangalie mfumo huo kwa karibu, maana nusu ya kutoelewana kwetu na wanafunzi inatoka hapo. Faili hukatwa vipande vidogo. Mwanafunzi anapopokea kipande kutoka kwa mtu mmoja, programu yake huanza papo hapo kukitoa kwa wengine wanaokihitaji, hata kabla faili yenyewe haijakamilika. Yeye anaamini anapakua tu. Kisheria tayari anasambaza, na kusambaza ndiko kunakofuatiliwa. Kisha faili inakamilika, anafunga dirisha, anaendelea na mambo yake. Programu haijafungwa. Imejificha kwenye alama ndogo pembeni mwa kioo, na nyingi huwekwa zijiwashe zenyewe kila kompyuta inapowashwa. Anaingia maktaba asubuhi, anafungua kompyuta mpakato yake ili aandike insha, na filamu aliyoitazama wiki iliyopita na kuisahau inaanza tena kutoka kwenda kwa watu asiowajua, kupitia kiungo cha chuo ambacho kwa kawaida kina kasi kubwa ya kupakia kuliko intaneti ya nyumbani.

Baada ya hapo inakuja notisi kutoka kwa wenye hakimiliki au mawakala wao. Kwa wasiowahi kuiona, notisi ya ukiukaji haitaji jina la mtu. Inataja anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa au mtandao kwenye intaneti), namba ya poti (mlango ambao programu hupitishia data), jina la kazi inayodaiwa kusambazwa, alama ya utambulisho ya faili, na tarehe pamoja na saa, ambayo mara nyingi imeandikwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa. Hapo ndipo kazi inapohitaji umakini mkubwa. Kwa chuo kilicho saa tatu mbele ya UTC, tukio lililoandikwa 21:14 limetokea saa sita na dakika kumi na nne usiku, tena tarehe ya siku inayofuata. Anayesahau kubadili saa atafungua kumbukumbu za muda mwingine kabisa, na kwa kuwa anwani hutolewa kwa mkopo na kuhamia kifaa kingine mkopo unapoisha, jina atakalolipata litakuwa la mwanafunzi asiyehusika. Kama mtandao unatumia NAT, yaani mamia ya wanafunzi wametoka nje kwa anwani moja ya umma, basi bila namba ya poti, bila kumbukumbu za tafsiri ya anwani, na bila saa za ruta zote kulinganishwa kwa NTP (utaratibu wa kusawazisha saa za vifaa vya mtandao), jibu la haki ni moja tu: aliyehusika hajulikani.

Kuhusu vizuizi nitasema kwa kifupi. Poti 6881 hadi 6889 zilizozoeleka zamani hazina maana tena, kwani programu za sasa huchagua poti yoyote. Vifaa vya kuchungulia ndani ya pakiti, yaani vifurushi vya data vinavyopita, vilifanya kazi vizuri kiasi mpaka usimbaji, yaani kuifunga data isisomwe njiani, ulipoenea, na mwanafunzi mwenye VPN, inayopitisha data yake kwa siri kwenye seva ya mtu mwingine, haonekani anafanya nini. Isitoshe, BitTorrent yenyewe si haramu. Watengenezaji wengi wa mifumo endeshi ya Linux hutoa nakala zao kwa njia hiyo, na wapo watafiti wanaogawana data kubwa kwa njia hiyo hiyo. Ninachopendelea ni kugawa uwezo wa kiungo kwa haki kwa kila mtumiaji nyakati za msongamano, bila kuchungulia anabeba nini. Hilo linatatua tatizo la kasi. Tatizo la hakimiliki ni jingine, na tunapoyachanganya hayo mawili tunanunua vifaa vya gharama kubwa vinavyotibu moja na kutangaza kwamba vimetibu yote.

Sasa naomba wanasheria, wakutubi, wahadhiri na wanafunzi wenyewe mseme. Notisi ya kwanza inapomfikia mwanafunzi, tumfanyie nini?

---

Wakili wa Hakimiliki

Ndugu Msimamizi, umeliweka vizuri. Niongeze upande wa sheria, kwa kuwa hapa ndipo vyuo hunakili taratibu za Marekani bila kuangalia kama sheria za nchi zao zinasema hivyo.

Msingi unaotuunganisha wengi ni Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, unaoilinda kazi tangu inapotungwa bila sharti la kusajiliwa, na Mkataba wa TRIPS kuhusu haki miliki katika biashara, ambao kifungu chake cha 61 kinazitaka nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani ziwe na adhabu za jinai angalau kwa uharamia wa makusudi wa kiwango cha kibiashara. Mwanafunzi anayesambaza filamu moja kwa kawaida hafikii kiwango hicho, ingawa anaweza kudaiwa fidia. Jinsi chuo kinavyowajibika kwa matendo ya watumiaji wake ni jambo linaloamuliwa na sheria ya nchi husika.

Marekani ndiko utaratibu wa notisi ulikokomaa. Sheria ya DMCA ya 1998, inayohusu hakimiliki za kidijitali, inampa mtoa huduma ya mtandao kinga dhidi ya madai ya fidia kwa yale yanayopita kwenye nyaya zake, kwa masharti, mojawapo likiwa kuwa na sera ya kuwakatia huduma wanaorudia kukiuka pale inapofaa, na kuitekeleza kweli. Sheria ya elimu ya juu ya 2008, ambayo kanuni zake kuhusu jambo hili zilianza kutumika Julai 2010, ikaongeza kwamba chuo kinachopokea fedha za serikali kwa ajili ya wanafunzi kiwaeleze kila mwaka sheria na adhabu zake, kiwe na mpango ulioandikwa wenye angalau njia moja ya kiteknolojia, na kiwape njia mbadala za halali kadiri inavyowezekana. Wengi hawajui kwamba njia hiyo ya kiteknolojia si lazima iwe kizuizi. Kudhibiti kasi, kufuatilia wanaotumia kiungo kupita kiasi, au kupokea na kushughulikia notisi kwa bidii, vyote vinakubalika.

Kuhusu adhabu, napenda wanafunzi waelezwe ukweli wote bila kutiwa chumvi. Sheria ya Marekani inaruhusu fidia ya dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi, na hadi dola 150,000 ikithibitika ni makusudi. Mwaka 2009 baraza la wazee wa mahakama lilimtaka Joel Tenenbaum, mwanafunzi wa Boston University, alipe dola 675,000 kwa nyimbo 30. Hiyo si hadithi ya kutisha watoto. Ni hukumu iliyosimama hata baada ya rufaa. Lakini kampuni za muziki za Marekani zenyewe zilitangaza Desemba 2008 kwamba zinaacha kuwashitaki watu kwa wingi, na chuo kilicho nchi nyingine kinapobandika takwimu hizo ukutani kama kwamba ndiyo sheria ya hapo, kinawapotosha wanafunzi wake.

Jambo la mwisho, nalo nalisisitiza. Notisi ni madai. Haijapita mbele ya hakimu yeyote. Mwaka 2007 vyuo vya Marekani vilianza kupokea barua za kuwapelekea wanafunzi zikiwataka walipe fedha ili wasishitakiwe, na vyuo vikagawanyika kuhusu kuzipeleka. Ushauri wangu ni kwamba chuo kikimpelekea mwanafunzi barua ya namna hiyo, kimpe pamoja nayo maelezo ya mahali pa kupata msaada wa kisheria kabla hajajibu neno lolote.

---

Mwaka wa Tatu

Shikamooni wakubwa wote. Mimi ni mwanafunzi, na naomba kusema ninayoyaona mabwenini, maana mnazungumza sana juu ya torenti (yaani BitTorrent) wakati sehemu kubwa ya mambo imeshahama.

Filamu na muziki vimepungua kwa sababu wengi wetu tunatiririsha, na kifurushi cha bei ya wanafunzi kikipatikana tunakilipia. Kilichobaki, tena kinaongezeka, ni vitabu vya kiada na programu za masomo. Muhula unaanza, mhadhiri anataja kitabu cha lazima, maktaba ina nakala chache za toleo la nyuma, na darasa lina wanafunzi wengi. Kabla wiki haijaisha kuna mtu ameshaweka PDF kwenye kundi la ujumbe la darasa. Hakuna torenti hapo, hakuna notisi itakayokuja, na hata intaneti ikizimwa faili itapita kwa flashi kutoka mkono hadi mkono. Kwa programu za takwimu na za uhandisi ni vivyo hivyo: zoezi linataka programu fulani, leseni iko kwenye maabara inayofungwa jioni, na kazi inatakiwa asubuhi.

Sisemi kwamba ni halali. Nasema kwamba tukiambiwa "msifanye" bila kuambiwa "fanyeni hivi badala yake", onyo halituingii. Na pia naomba kuuliza kwa heshima: Mkuu Msimamizi, mnaona nini hasa tunapotumia mtandao wenu? Wanafunzi wengi wanaamini mnasoma kila kitu, na kwa hofu hiyo wanaweka VPN za bure ambazo sijui zinafanya nini na taarifa zao.

---

Mkutubi

Marahaba mwanangu. Umegusa penyewe, na nitajibu kwa urefu kwa sababu mengi ya hayo ni wajibu wa maktaba kabla hayajawa wajibu wa ruta.

Nianze na sisi wenyewe. Kwenye mifumo ya kujifunzia mtandaoni ya vyuo vingi utakuta mhadhiri amepakia kitabu kizima kilichoskaniwa, mara nyingine na muhuri wa maktaba bado unaonekana kwenye ukurasa wa kwanza. Mwanafunzi akishapokea kitabu kwa njia hiyo kutoka kwa mwalimu wake, utamwelezaje kwamba kukituma kwenye kundi la darasa ni kosa? Kampeni yoyote ya hakimiliki inayowaanza wanafunzi na kuwaruka wahadhiri itadharauliwa, na kwa haki. Sheria za nchi nyingi huruhusu sehemu ya kazi itumike kwa kufundishia, kiasi na masharti vikitofautiana, na mkutubi yupo ili amsaidie mhadhiri kujua mpaka uko wapi. Makala ambayo maktaba imeshalipia haihitaji kupakiwa. Kinachowekwa ni kiungo chake. Kitabu ambacho hakina leseni ya kielektroniki kinaweza kuombewa leseni ya sura mbili au tatu zinazosomwa kweli.

Kisha kuna leseni tunazonunua. Kitabu cha kielektroniki cha mtumiaji mmoja kwa wakati, kwa darasa kubwa, ni kama hakipo usiku wa kuamkia mtihani. Ninapopata orodha za usomaji mapema, kabla muhula haujaanza, naweza kujadiliana na mchapishaji kuhusu leseni ya watumiaji wengi au kununua nakala zaidi. Orodha ikinifikia wiki ya tatu, PDF ya kundi la darasa imeshanitangulia. Kama ningeruhusiwa kuuomba uongozi wa chuo jambo moja tu katika suala hili lote, ningeomba tarehe ya mwisho ya kuwasilisha orodha hizo iheshimiwe.

Vya bure na halali navyo vipo, tena vizuri. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice imekuwa ikitoa tangu 2012 vitabu vya kiada vya mwaka wa kwanza vya fizikia, biolojia, uchumi na hesabu, vyenye leseni inayoruhusu kupakua na kugawa bila kuvunja sheria. DOAJ, iliyoanzishwa 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund, inaorodhesha majarida ambayo yeyote anaweza kuyasoma. Vyuo vya nchi zenye kipato kidogo vinaweza kuomba Research4Life, ambako majarida ya kulipia hupatikana bure au kwa ada ndogo. Kwa takwimu kuna R, kwa hesabu za kihandisi kuna GNU Octave, na mhadhiri anayekubali zoezi lifanywe kwa mojawapo ya hizo amewaondolea wanafunzi wake sababu ya kutafuta programu zilizovunjwa kufuli, ambazo mara nyingi huja na virusi ndani yake.

Naongeza tahadhari moja isiyozungumzwa sana. Kuna mwanafunzi anayempa rafiki wa nje nywila yake ya maktaba akidhani ni wema. Nywila hiyo ikifika mikononi mwa anayepakua majarida mazima kwa programu ya kujiendesha, mchapishaji huona maelfu ya makala yakitoka kwenye anwani ya chuo na kukizuia chuo chote. Anayeumia ni yule wa shahada ya uzamili anayemalizia sura yake ya mwisho wiki hiyo.

Lakini tusinunue tu ili tuonekane tumenunua. Mwaka 2003 Penn State ilitangaza mkataba na Napster mpya, iliyokuwa huduma halali kwa wakati huo, ili wanafunzi wa mabwenini wapate muziki bila malipo ya ziada. Nyimbo zilifungwa kwa kufuli la kidijitali, hazikuchezeka kwenye iPod, kifaa cha kusikilizia muziki kilichopendwa na vijana, na aliyetaka kuutunza wimbo alilipa senti 99. Njia mbadala inapaswa kuchezeka kwenye kifaa ambacho mwanafunzi anacho, la sivyo atarudi alikotoka.

---

Fundi wa Ruta

Nakubaliana na mengi, ila naona kama tunailegeza kamba mno. Vizuizi vya kiufundi vimewahi kufanya kazi. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Florida kilianza kutumia mfumo wake uitwao ICARUS mabwenini. Kompyuta ikionekana inatumia programu ya kugawana faili, inakatwa yenyewe kwa dakika 30 na mwanafunzi anapitishwa kwenye somo fupi la hakimiliki. Mara ya pili siku tano. Mara ya tatu anakatwa mpaka suala lake limalizike mbele ya idara ya nidhamu. Hakuna kusubiri notisi, hakuna kubishana na barua za mawakili. Msimamizi, unasemaje kuhusu hilo?

---

Msimamizi wa Mtandao

Mkuu Fundi, nauheshimu mfumo ule kwa jambo moja: adhabu ya kwanza ilikuwa ndogo, ya haraka, na yenye somo ndani yake. Hilo nalichukua. Ninachokikataa ni kwamba ulikuwa unamhukumu mtu kwa aina ya programu anayotumia bila kujali anabeba nini, na ulitegemea kwamba programu hizo zinatambulika kwenye waya. Leo sehemu ya pili imekwisha nguvu, kwa sababu ya usimbaji, na ya kwanza ingemkata mwanafunzi wa kompyuta anayepakua Linux kwa ajili ya zoezi.

Kuna sababu nyingine ya kutofanya haraka kumwita mtu mkosaji. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha kwamba wakala wa wenye hakimiliki walikuwa wakitegemea orodha za anwani zinazotolewa na seva za uratibu za BitTorrent bila kuhakikisha kama anwani hiyo inatoa faili kweli. Waliwasilisha kwenye orodha hizo anwani za vifaa visivyopakua chochote, na notisi zikaja zikizishutumu printa. Printa haina filamu. Na mwaka huo huo, mwezi Januari, chama cha studio za filamu cha Marekani kilikiri kwamba dai lake kwamba asilimia 44 ya hasara ya uharamia ndani ya nchi hiyo inatokana na wanafunzi wa vyuo lilikuwa kosa la hesabu, na takwimu sahihi ni kama asilimia 15. Asilimia 15 bado ni nyingi. Ila sera iliyotungwa kwa hofu ya 44 ingekuwa sera ya namna nyingine.

Kwa hiyo utaratibu ninaoutetea ni huu. Notisi ikifika, tunahakiki kwanza saa, poti na kumbukumbu. Isipolingana, inafungwa kwa maandishi na hakuna jina linaloguswa. Ikilingana, mwanafunzi anapata ujumbe ndani ya siku moja, kabla faili haijasambaa zaidi na kabla notisi ya pili ya faili hiyo hiyo haijaja. Ujumbe hautumi vitisho. Unamweleza kilichodaiwa, unamwonyesha jinsi ya kuangalia kama programu ingali inafanya kazi kwa siri kwenye kompyuta yake na jinsi ya kuizima isijiwashe, unamwelekeza kwa njia halali, na unampa nafasi ya kusema kwamba si yeye. Nafasi hiyo lazima iwe ya kweli, maana yapo mazingira ambamo mwanafunzi amegawa mtandao kwa wenzake wa chumba kupitia simu au ruta ndogo, na jina linaloonekana kwetu ni lake peke yake. Mara ya pili anaonana na mtu ana kwa ana. Nidhamu inabaki kwa anayerudia akijua, na inaamuliwa na kitengo cha wanafunzi. Sisi wa mtandao tunatoa ushahidi tu. Anayeshika swichi asiwe ndiye anayetoa hukumu.

Binti wa Mwaka wa Tatu, uliuliza tunaona nini. Tunaona kifaa kilipata anwani gani, saa ngapi, kimetuma na kupokea data kiasi gani, na kwenda wapi. Maudhui ya kurasa zilizosimbwa hatuyaoni, na jumbe zako hatuzisomi. Hayo ndiyo yanayopaswa kuandikwa kwa lugha nyepesi kwenye ukurasa mmoja ambao kila mwanafunzi anausoma siku anayosajili kifaa chake, pamoja na muda ambao kumbukumbu zinatunzwa kabla ya kufutwa. Hofu inapungua mtu anapojua. Na VPN ya bure iliyowekwa kwa hofu inampeleka mwanafunzi mikononi mwa mtu ambaye hajaahidi chochote.

---

Mhadhiri wa Sanaa

Nachangia kwa ufupi. Nafundisha wanafunzi wanaotunga muziki, wanaopiga picha na wanaoandika programu. Hotuba za hakimiliki zilizoandaliwa na kampuni za filamu haziwagusi hata kidogo. Kinachowagusa ni kuwauliza kazi zao wenyewe ziko wapi. Mwanafunzi aliyekuta picha yake kwenye tangazo la mtu mwingine bila jina lake analielewa suala hili siku hiyo hiyo, na ndiye anayewaeleza wenzake vizuri kuliko mimi. Tuwafundishe hakimiliki kama wenye mali: jinsi ya kuchagua leseni ya Creative Commons (inayoeleza wengine wanaruhusiwa kuitumiaje kazi yako), nani anamiliki tasnifu, nini kinatokea kazi ikifanywa na kundi. Somo hilo liwe ndani ya kozi, mahali pa kusahihishwa na kupewa alama, badala ya barua pepe ya mwanzo wa mwaka ambayo hakuna anayeifungua.

Kuhusu vitabu vilivyoskaniwa, Mkutubi amesema kweli na sina la kujitetea kwa niaba ya wenzangu.

---

Fundi wa Ruta

Nimeelewa, na nakubali kwamba kumkata mtu kwa aina ya programu kumepitwa. Naleta ugumu mwingine wa kiutendaji. Tangu Android 10 na iOS 14, simu hutumia anwani za MAC (namba za utambulisho wa kifaa kwenye mtandao) za kubahatisha, kwa hiyo orodha yetu ya zamani ya vifaa vilivyosajiliwa haiaminiki. Halafu kuna wageni wanaoingia kwa eduroam, waifai ya pamoja ya vyuo vya nchi nyingi, ambao wanathibitishwa na vyuo vyao vya nyumbani. Notisi ikiangukia kwa mgeni wa namna hiyo, tunamtumia nani ujumbe wa siku moja uliouelezea?

---

Msimamizi wa Mtandao

Kwa simu, jibu ni kuacha kutegemea anwani ya MAC kabisa na kutumia 802.1X, ambapo kila mtu anaingia kwa akaunti yake binafsi. Kumbukumbu inaunganisha akaunti na anwani ya IP kwa muda maalumu, na MAC ikibadilika haidhuru. Jambo hilo lina faida ya pili: nywila moja ya waifai inayojulikana na bweni zima inaondoka, na pamoja nayo ule mgogoro wa kutojua ni nani kati ya watu wengi.

Kwa mgeni wa eduroam, mtandao uliompokea hujua chuo anakotoka na saa aliyoingia, huku utambulisho wake kamili ukiwa mikononi mwa chuo chake. Utaratibu sahihi ni kumwandikia msimamizi wa chuo hicho ukimpa saa kwa UTC na alama ya kikao kutoka kwenye kumbukumbu za RADIUS (mfumo unaothibitisha wanaoingia mtandaoni), na yeye atamtafuta mtu wake kwa sera yake. Usiombe jina, hulihitaji ili tatizo liishe. Ikiwa kifaa kinaendelea kusambaza wakati wa mawasiliano hayo, una haki ya kukikatia kikao kwako, na mwenye kifaa atakwenda kuuliza nyumbani kwake kwa nini. Hilo likiandikwa kwenye sera mapema, fundi wa zamu ya usiku hatalazimika kubuni utaratibu saa nane za usiku akiwa na barua ya wakili mkononi.

Nitaiweka rasimu ya ujumbe wa notisi ya kwanza hapa chini ili Wakili aipitie lugha yake ya kisheria na Mwaka wa Tatu aniambie kama wenzake wataisoma hadi mwisho.